KUANZA SI KUFUFUA
Maneno ya Kiingereza ya kuanzisha kitu, na ya kukirudishia uzima



Mwezi wa kumi, sisi wa kamati ya wanafunzi tuliandika barua kwa Kiingereza, tukaituma kwa wazee waliosoma hapa zamani. Tulitaka kuomba diksionere na vitabu. Ndani ya barua tuliandika hivi: "We want to begin an English Club in our school." Profesere alisoma, akasema haina kosa. Sisi tukafurahi sana.

Nyuma ya majuma matatu jibu la kwanza likafika. Papa mmoja alituandikia kwa Kiswahili, mistari michache tu: "Wanangu, nimesoma barua yenu. Diksionere nitaleta mimi mwenyewe. Lakini ile Club yetu sisi, mliizika siku gani?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama kulikuwa Club mbele yetu. Tulisoma barua ile mara mbili, tukanyamaza. Grammaire yetu ilikuwa sawa, lakini neno tulilochagua lilisema uongo. BEGIN ilisema ya kuwa mbele yetu hakukuwa kitu.

Kwa Kiswahili chetu cha kila siku tunasema "kuanza" na "kuanza tena," na mambo yanaisha. Kiingereza kinataka zaidi. Kinakuuliza: kitu hicho kilikuwapo zamani ama hapana? Kama kilikuwapo, kilisimama tu ama kilikufa? Neno unalochagua njo jibu lako. Kwa hiyo nimeona vema kuandika juu ya maneno hayo, maana sisi wa mwaka wa mwisho tunangojea Egzamen d'Etat, na ninyi wadogo mutafika huko vilevile.

1. KUANZA TU: START, BEGIN, COMMENCE

Wengi wanauliza kwa nini Kiingereza kina maneno mingi kwa jambo moja. Sababu iko katika historia. Mwaka 1066 Wanormandi walitoka Ufaransa, wakashinda Uingereza. Kwa muda mrefu wakubwa na mahakama wakatumia Kifransa, lakini watu wa mashamba wakabaki na lugha yao. START na BEGIN ni maneno ya wale watu wa mashamba. COMMENCE ililetwa na wakubwa. Ni ndugu ya commencer tunayoijua sisi.

Mpaka leo COMMENCE ina harufu ya ofisi. Inafaa kwa sherehe, kwa mahakama, kwa barua ya serkali. Sisi tunaosoma kwa Kifransa tunaikimbilia kwa sababu tunaifahamu. Lakini ukisema "I commenced to eat my beans," Mwingereza atacheka. Ni kama mtu anayevaa koti na kravate kwenda kuchota maji.

START na BEGIN mara nyingi zinaweza kubadilishana fasi. "The lesson begins at eight," ama "The lesson starts at eight," yote ni sawa. Lakini kwa mashini ni START peke yake. "The driver started the lorry," ndiyo. "The driver began the lorry," hapana kabisa. Zamani START ilikuwa na maana ya kuruka na kushituka, na mpaka leo ndugu yake STARTLE ni kushitua mtu. Ukikumbuka hivi hautakosea: motere inashituka na kuruka, lakini somo halishituki.

Mashini ikikataa, wanasema: "The engine won't start." Hapo WON'T si wakati ujao. Ni kukataa, kama punda anayekataa kwenda.

Kila mtu aliyesafiri katika barabara zetu wakati wa mvua anajua mambo haya. Batri ya kamyo imekufa, shofere anaomba watu washuke, wote wanasukuma mpaka motere inashika. Kazi hiyo ni PUSH-START. Kwa moto, ile chuma inayopigwa na mguu imeleta neno KICK-START. Na katika mupira, kupiga teke la kwanza katikati ya uwanja ni KICK OFF. Magazeti ya Kiingereza yanachukua maneno haya na kuyapeleka mbali: mkutano "kicks off," na serkali inataka "to kick-start the economy," ni kusema kuipiga teke ili iamke.

Angalieni umbo la BEGIN: begin, began, begun. Tunaandika sana "I have began." Ni kosa. Andika "I have begun." Na tena: "It started raining" na "It started to rain" yote ni vizuri, lakini ukitangulia na -ING, usiweke -ING ya pili. Sema "It is starting to rain."

2. KUWEKA MSINGI: FOUND, SET UP, LAUNCH

FOUND ni kuweka msingi wa jambo litakalodumu: kanisa, shule, mji. Mtego wake ni mkubwa, maana FIND, kuona kitu kilichopotea, nayo kwa wakati uliopita inakuwa FOUND. Kuweka msingi kwa wakati uliopita ni FOUNDED. Mwaka 1963 Waprotestanti waliweka Universite Libre du Congo pale Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Kwa hiyo: "The Protestants founded a university in 1963." Ukiandika "The Protestants found a university," msomaji ataelewa ya kuwa walipita njiani wakaokota universite katika majani.

SET UP ni kupanga kitu na kukisimamisha: kamati, hema, meza ya kuuzisha mikate. Haina ukubwa wa FOUNDED. Kamati yetu ya wanafunzi "was set up". Tukisema "was founded" tutakuwa tunajisifu.

LAUNCH ni kusukuma chombo kuingia maji. Mmisionere George Grenfell, wa chama cha Wabatisti cha Uingereza, alikuwa na mashua ya moshi iliyoitwa Peace. Ilitengenezwa Uingereza, kule Chiswick karibu na London. Wakaifungua vipande vipande, vipande vikabebwa na wapagazi kupita maporomoko ya chini ya mto Kongo, mpaka Stanley Pool, inayoitwa leo Pool Malebo. Huko wakaiunganisha tena. "The Peace was launched in 1884." Kutoka mashua, neno likahamia gazeti, kampanye, hata roketi. Lakini maana ya zamani inabaki: mbele ya LAUNCH kuna kazi ndefu ya kutayarisha. Haufanye LAUNCH ya kitu ulichokiwaza asubuhi hii. Tena usiandike LUNCH, maana hiyo ni chakula cha saa sita.

3. KILICHOSIMAMA: RESUME, RESTART, RENEW

Sasa tunaingia katika maneno yanayokiri ya kuwa mbele yako kulikuwa kitu.

RESUME ni kuendelea kutoka pale mulipoachia. Neno hili lina kumbukumbu. Kama profesere aliacha kwenye ukurasa wa 40, akifanya RESUME atafungua 41. Mwaka 2020, juu ya ugonjwa wa Korona, shule za inchi yetu zilifungwa mwezi wa tatu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walirudi mwezi wa nane: "Classes resumed in August." Hawakuanza mwaka mupya, waliendelea na ule ule.

RESTART ni ya kitu kilichozimika, na mara nyingi kinarudi mwanzo. Unazima telefone, unaiwasha tena: umefanya RESTART. Angalieni tofauti: "Let us resume the song" ni kuimba kutoka pale tulipokatia. "Let us restart the song" ni kurudi kwenye mstari wa kwanza.

RENEW ni ya kitu chenye siku ya kuisha, kama karte ama pasiporo. Inatumika tena kwa ahadi na kwa nguvu: mtu anafanya upya ahadi yake ya ubatizo.

Mashauri mawili. Usiseme "resume again," kwa sababu "tena" iko ndani ya RE- tayari. Lakini usibandike RE- kila fasi: "rebegin" Waingereza hawaisemi. Sema "begin again."

4. KILICHOKUFA, AMA KARIBU KUFA: REKINDLE, REVIVE, RESURRECT

KINDLE ni kuwasha moto. REKINDLE ni kuuwasha tena. Mtazame mama asubuhi mbele ya babula: anaondoa majivu, anatafuta kaa moja lenye wekundu, anapuliza. Hii njo REKINDLE. Kwa hiyo inafaa kwa urafiki, kwa tumaini, kwa upendo uliopoa. Lakini ni lazima kaa moja libaki chini ya majivu.

REVIVE inatoka Kilatini, na ndani yake kuna neno la kuishi. Mtu aliyezimia, ukimpa hewa, "he revives," ama wewe "revive him." Maua yaliyonyauka, mvua inayafanya REVIVE. Desturi iliyosahauliwa, chama kilicholala, hata lugha. Kiebrania kwa karne nyingi kilibaki hasa lugha ya sala na ya vitabu. Mwisho wa karne ya 19, watu kama Eliezer Ben-Yehuda wakaanza kukitumia nyumbani na watoto wao, na leo watu wanapatana bei nacho sokoni. "Hebrew was revived."

Kwetu kanisani neno hili tunalijua vizuri kwa jina lake, REVIVAL, ambalo sisi tunaita Uamsho. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulitoka Gahini katika Rwanda, ukaenea Uganda na inchi jirani. Waingereza wanauita East African Revival. Tazama tofauti ya lugha mbili: Kiswahili kinaona mtu aliyelala, kinamwamsha. Kiingereza kinaona mtu ambaye uzima umemtoka, kinamrudishia uzima. Jambo ni moja, macho ni mawili.

RESURRECT ni ya kile kilichozikwa. Jina RESURRECTION lilitangulia, na kitenzi kilitolewa humo nyuma. Katika mazungumzo wanaitumia sana kwa mchezo: "He resurrected his grandfather's bicycle." Kwa habari ya Bwana wetu, Kiingereza kinapenda maneno mafupi mawili, RAISE na RISE. RAISE inataka yule anayeinuliwa: "God raised him." RISE inasimama peke yake: "He rose." Umbo lake ni rise, rose, risen. Kuchanganya haya mawili ni kosa la kila mwaka.

5. MITEGO YA KIFRANSA

Bandugu, Kifransa kinatusaidia sana, lakini hapa kinatuuza mara tatu.

Wa kwanza ni RESUME. Inafanana na résumer, lakini résumer ni kufupisha habari, na kwa Kiingereza hiyo ni SUMMARIZE. Profesere akisema "Resume your reading," hataki ufupisho. Anataka uendelee kusoma. Mwaka jana nusu ya darasa tulitoa kaye na biki tukaanza kuandika muhtasari, yeye anatutazama tu.

Wa pili ni RESUSCITATE. Inafanana na ressusciter, tunayosoma katika Biblia ya Kifransa. Lakini kwa Kiingereza cha leo ni kazi ya munganga: kusukuma kifua na kurudisha pumuzi ya mtu aliyezama. Ukiandika "Jesus resuscitated Lazarus," utakuwa umemfanya Bwana kuwa infirmier. Lazaro alikuwa na siku ine kaburini. Andika "raised."

Wa tatu ni REVIVE. Inafanana na revivre. Mzee anayekumbuka ujana wake na kuuishi tena moyoni, kwa Kifransa wanaweza kusema revivre. Kwa Kiingereza ni RELIVE. REVIVE ni kurudishia kitu uzima, hapana kukumbuka tu.

6. MAZOEZI

Jaza fasi iliyo wazi. Funika majibu kwa mkono, usijidanganye.

a) The rain stopped and we ... our work in the garden.
b) The lorry would not ..., so we pushed it.
c) Who ... this church, and in what year?
d) A letter from her old friend ... their friendship.
e) The old custom was dying, but the young people ... it.

Majibu: a) resumed, b) start, c) founded, d) rekindled, e) revived.

7. NA CLUB YETU?

Ninarudi kwa yule Papa. Alitimiza neno lake. Alikuja siku moja ya mvua, na diksionere mbili katika sashe, pamoja na kaye ya zamani yenye ganda la bluu. Tulimpa kiti. Akafungua kaye. Ilikuwa mapatano ya mikutano ya English Club ya masomo yetu. Yeye alikuwa sekretere.

Mkutano wa mwisho ulifanyika Ijumaa tarehe 18 mwezi wa kumi 1996. Walikuwa na mabishano: nani anasaidia kijiji zaidi, mkulima ama mwalimu? Upande wa mkulima ulisema, saa ikaisha. Chini ya ukurasa sekretere aliandika: "The discussion will resume on Friday 1 November 1996." Nyuma ya pale kurasa zote ni nyeupe. Mwisho wa mwezi ule wa kumi vita vilifika Bukavu, na ile Ijumaa hakuna mtu aliyekuja. Akatutajia majina ya wanachama kumi na mmoja. Wawili hawako tena.

Niliona haya. Nikamwambia: "Papa, utusamehe. Hatukujua. Tutabadilisha barua, tutaandika REVIVE."

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, REVIVE ni ya kitu kilichokufa. Sisi hatukufa, tulisimama. Soma tena kaye: RESUME."

Kamati ikagawanyika. Wengine wakasema Papa iko na haki, kaye inashuhudia. Wengine wakasema Club isiyokutana miaka mingi hivi, isiyo na mwanachama hata mmoja ku masomo, ni mufu. Tukabishana mpaka kengele ya kulala. Mwishoni tukafungua zile diksionere mpya, tukaona jambo ambalo sisi sote tulikosa: RESUME inachukua kazi, mazungumzo, safari, mkutano, ni kusema kitu kinachotendeka na kinachoweza kukatika katikati. Chama chenyewe hawasemi "resume a club." Chama kinazaliwa, kinalala, kinakufa, kwa hiyo kinafanyiwa REVIVE. Lakini mikutano yake inafanyiwa RESUME. Papa alisema kweli juu ya mabishano, na sisi tulisema kweli juu ya Club.

Tangazo lililo mlangoni mwa refektware, ambalo wengine wameuliza kwa nini ni refu hivi, limeandikwa basi: "We are reviving the English Club. Meetings will resume on Friday at three o'clock."

Yule aliyeliandika kwanza na BEGIN ni mimi, na aliyelifuta ni mimi. Nimejifunza kwamba mbele ya kusema "tunaanza," ni vema kuuliza wakubwa kama kuna mtu aliyeanza. Inafaa kwa Club, inafaa kwa kwaya, inafaa hata kwa lile shamba la nyuma ya internat ambalo kila mwaka tunasema tunalianzisha.

Ijumaa saa tisa, salle ya mwaka wa mwisho, kila mutu aje na kaye yake. Hatutachagua habari mpya ya kubishania. Upande wa mkulima ulikwisha kusema. Mapatano yao tutayasoma kwa sauti. Sasa ni zamu ya mwalimu, na atakayesema wa kwanza ni Papa mwenyewe, maana ile Ijumaa ya 1996 zamu ilikuwa yake.

Bwana awabariki ninyi nyote.

Mukubwa wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho